Yowe la kuku wa mama

Tukuyu, Jumapili jioni

Nilifika nyumbani Ijumaa nikakuta banda liko kimya. Kwenye simu mama hakuniambia kitu. Alikuwa na kuku 19 na vifaranga juu yake. Amebakiwa na tetea mmoja, na bata wanne wanaochokoa matope chini ya migomba kama siku zote. Akanisimulia: walianza kusinzia, mabawa yakashuka, wakawa wanahema midomo wazi, kinyesi kijani, wengine shingo zikapinda mpaka kichwa kikatazama mgongoni. Sikuhitaji kipimo. Ni mdondo, ule ugonjwa wa virusi wa kuku.

Nimeandika na kufuta mara tatu hapa. Mdondo ndio kazi yangu. Kule Mbeya mjini ninakuza seli za kuku kwenye visahani vya plastiki na kuzipandikizia jeni moja tu ya virusi vya mdondo, ile inayotengeneza protini iitwayo V, kisha natazama inawafanya nini walinzi wa seli. Naweza kukaa usiku kucha kwa ajili ya mstari mmoja mweusi kwenye filamu. Na sikumkumbusha mama yangu chanjo.

Jana usiku tulikaa jikoni, baridi ya huku mnaijua, akaniuliza kitu ambacho hajawahi kuniuliza. "Mwanangu, huko maabara unafanya nini hasa?"

Nikaanza na mayai. Mwaka 1957, London, watafiti wawili, Alick Isaacs na Jean Lindenmann, walichukua vipande vya utando unaozunguka kifaranga ndani ya yai, wakaviloweka pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Baadaye walichukua yale maji na kuyatia kwenye utando mwingine mpya. Huo mpya ukawa mgumu kwa virusi hai. Kumbe seli zilikuwa zimemwaga kitu majini. Wakakiita intaferoni. Mama alipenda sana kwamba jambo kubwa hivyo lilitoka kwenye yai la kuku.

"Hicho kitu ni dawa?"

Nikamwambia ni yowe. Seli iliyovamiwa inatambua RNA ya mgeni, yaani maagizo ya kinasaba ya kirusi, inapiga yowe, na yowe lenyewe ni intaferoni. Linafika kwa seli jirani, linagonga kipokezi mlangoni, na ndani wajumbe wawili, STAT1 na STAT2, wanashikana na mwenzao wa tatu na kukimbilia kwenye kiini. Ni suala la dakika tu. Huko wanaamsha mamia ya jeni zilizokuwa zimelala.

"Halafu majirani wanakuja kusaidia."

Hapo nilisita, maana hivyo ndivyo yowe lilivyo kwetu: likipigwa, watu wanatoka na mapanga. Seli hazitoki. Zinajifungia. Zinaandaa vimeng'enya vya kukatakata RNA, na vingine vya kusimamisha utengenezaji wa protini, ili kirusi kikiingia kikute jiko limezimwa. Wanaokwenda kupigana ni wengine, seli za kinga zinazofuata baadaye. Hata yale maumivu ya viungo na kutetemeka wakati wa mafua, kwa sehemu ni kazi ya intaferoni. Wagonjwa wa homa ya ini waliokuwa wakitibiwa kwa sindano zake walijisikia hivyo hivyo.

"Na yule aliyepiga yowe?"

"Mara nyingi anakufa, mama."

Akasukuma kuni ndani. Hakusema kitu, nami sikuwa na la kuongeza. Nimesoma makala nyingi sana kuhusu hii njia ya mawasiliano, na hakuna iliyonifanya nimfikirie yule wa kwanza.

Kisha nikamweleza protini V. Kirusi cha mdondo kinaitumia kumwangamiza yule mjumbe, STAT1. Yowe linaweza kupigwa, lakini ndani ya nyumba hakuna wa kulipeleka. Ule mstari mweusi ninaoukeshea ni STAT1. V ikiwepo, mstari unafifia. Kwenye seli za binadamu V haifanyi kazi hiyo vizuri, na hiyo ni sababu mojawapo mdondo kwa kawaida hautuui sisi. Anayeshika kuku wagonjwa anaweza kuishia na macho mekundu siku chache.

Akaniuliza habari za bata. Bata wanabeba mdondo bila kuugua sana, na sababu zake siwezi kuzikata kwa neno moja. Nilimpa mfano wa virusi vya mafua ya ndege, ambao umechunguzwa vizuri zaidi: bata wana kitambuzi cha RNA kiitwacho RIG-I, kuku hawana. Jeni hiyo walishaipoteza. "Kuku ameonewa," akasema mama, na alikuwa na uchungu kweli.

Ndipo aliponiambia lililokuwa moyoni. Kuna nyumba hapa jirani kuku walianza kusinzia wiki nzima kabla ya wake. Hawakumwambia mtu. Waliokuwa bado wanasimama walifungwa miguu wakapelekwa sokoni. Alijua kupitia mtoto wa nyumba ile, wake wakiwa wameshaanza kuanguka. Siwalaumu kwa wepisi. Kuku ndiye ada ya shule na ndiye nauli ya kwenda hospitali, na anayetangaza ugonjwa hauzi tena.

Leo asubuhi, kabla ya chai, mama alijifunga khanga na kutoka. Nilidhani anakwenda kanisani mapema. Alipita nyumba kwa nyumba, akianzia ile ile: kwangu wamekufa kwa mdondo, msinunue kuku mgeni, msitupe mizoga mtoni, fukieni. Aliporudi alikuwa na majina kwenye karatasi ya daftari. Ipo chanjo inayostahimili joto, ya I-2, tone moja tu jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kichupa kimoja ni cha kuku wengi, hakifai kufunguliwa kwa ajili ya tetea mmoja. Kuku aliyekwisha kuugua haimsaidii, hilo nililisisitiza.

Tumejumlisha: nyumba tisa, kuku 140. Kesho nakwenda mjini kuuliza bei, na mama amesema nianze na swali la bata, kama nao wanadondoshewa.