Hamsta hana pori Mwanza

Familia ikihama, au mtoto akichoka kumhudumia, wazo la kwanza huwa kumfungulia hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya anayefugwa nyumbani, kwenye bustani ya Capri Point au vichaka vya Nyegezi ajitafutie kama panya wengine. Tafadhali usifanye hivyo. Kumwachia ni kumuua polepole.

Hamsta wa dhahabu, anayefugwa kuliko wengine, asili yake ni nyanda kavu za mpaka wa Syria na Uturuki, karibu na Aleppo. Karibu wote wanaofugwa leo ni uzao wa familia moja iliyofukuliwa huko mwaka 1930. Kwao hujichimbia shambani shimo lenye kina cha zaidi ya nusu mita. Humo joto halibadiliki sana, nafaka hukaa kavu, na adui hamfikii kirahisi. Sasa chimba kwenye vilima vyetu: udongo kidogo, kisha mwamba. Ukishuka kando ya ziwa udongo upo, lakini masika na vuli shimo hujaa maji. Hamsta aliyelowa hupoteza joto upesi, na mapafu huugua.

Jua nalo ni tatizo. Joto linalomfaa ni nyuzi 18 hadi 24. Likipita 30 hulala kifudifudi, hupumua haraka na kulegea, kwa kuwa hatoki jasho la kumpoza. Juu ya jiwe lililopigwa na jua la saa nane huzidiwa haraka sana.

Kisha kuna mwewe, bundi, paka, nyoka na kenge. Hamsta mweupe au wa rangi ya krimu huonekana wazi usiku, naye haoni mbali. Hufika ukingoni mwa jiwe akadondoka. Siafu wakimkuta amejificha, hatoki.

Na hata kama angeweza kuishi? Mimba yake ni siku 16 tu, kwa hiyo angezaana upesi. Sisi wa kanda ya ziwa tunajua kiumbe mgeni anavyoweza kuharibu: sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa humo, zikatoweka.

Kwenye veranda anaweza kukaa, mradi kuna kivuli siku nzima, upepo usimpige moja kwa moja na mvua isimfikie. Kizimba kiwe na sakafu ngumu ya sentimita 100 kwa 50, maranda yasiyo na harufu kali yenye kina cha sentimita 25, na gurudumu la kipenyo cha sentimita 28. Weka hamsta mmoja tu; wawili wakubwa hupigana hadi kufa. Kizimba kiweke juu ya meza, na miguu ya meza isimamishe kwenye vikopo vya maji kuzuia sisimizi. Mpe mtama na uwele, kijiko kimoja cha chakula kwa siku, lakini nafaka pekee hazitoshi: anahitaji pia protini kidogo, kama kipande cha yai lililochemshwa. Alizeti punje chache tu, humnenepesha.

Akitoroka, mtafute usiku huohuo kando ya kuta, chini ya makabati, nyuma ya jokofu. Nyunyiza unga sakafuni uone nyayo. Weka ndoo yenye taulo chini na kipande cha karoti ndani, egemeza ubao uwe ngazi hadi ukingoni, kisha zima taa. Atapanda, ataingia, na hataweza kutoka.