Usifute faili la .part: nilivyoacha kupoteza bando na yt-dlp

Jamani naandika hili kwa uchungu kabisa. Kuna jamaa aliniambia eti download ya yt-dlp (programu ya kuvuta video kwa kuandika amri kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri) ikikatika katikati futa yale mafaili ya .part, yaani ya video ambayo haijamaliza kushuka, ni makapi tu, anza upya. Nikamsikiliza nikafuta, kumbe ndani kulikuwa na zaidi ya nusu ya mhadhara wa aljebra wa MIT niliokuwa navuta kwa bando la usiku, elfu mbili na kitu ikaenda hivyohivyo.

Ukweli ni kwamba yt-dlp ukiipiga Ctrl+C inakatika, ila kilichokwisha kushuka kinabaki humohumo kwenye .part. Rudia amri ileile, folda ileile, inaendelea pale ilipoishia, ila usibadilishe ubora wa video katikati maana hapo inaanza faili jingine.

Sasa kuna Ctrl+Z, hii naipenda mno, inagandisha tu, halafu ukiandika fg inaamka (wenye Windows hii haiwahusu, nyie bakini na Ctrl+C). Siku moja alfajiri bando linakata, niko 61%, nikapiga Ctrl+Z nikaiacha laptop inawaka hadi usiku wa pili. Naandika fg, kimya, kisha mstari mwekundu: HTTP Error 403: Forbidden, yaani seva imekataa. Moyo ulinilipuka, na ule ushauri wa kufuta ukanirudia kichwani kabisa, mkono uko kwenye rm, amri ya kufuta. Nikajizuia. Nikapiga Ctrl+C, mshale wa juu mara mbili kuirudisha amri ya yt-dlp, enter, na pale nikaona "Resuming download at byte" na asilimia inaanzia 61! Nilipiga makofi peke yangu saa saba usiku. Sababu yake ni kuwa linki ya video ambayo YouTube inampa yt-dlp inadumu masaa machache tu, ukiigandisha siku nzima inaamka na linki iliyokufa, ila ukiendesha amri upya inaomba linki mpya na .part inaendelezwa.

Kwa hiyo mimi Ctrl+Z ni ya dakika chache, mfano mama akipiga video call, na dirisha la terminali silifungi. Kulala ni Ctrl+C. Na kama dada anataka tu kutumia hotspot ileile kutuma fomu zake wala sisimamishi, naanza na -r 300K (kasi isizidi kilobaiti 300 kwa sekunde) tunagawana.

Mhadhara ule niliofuta niliuvuta tena wiki iliyofuata, safari hii niliukata mara 4 na haukupotea hata kidogo.