Hesabu, mpaka wa Busia na ile mbili ya tano

Watu wakisikia nafundisha hesabu wanafikiri nilikua yule mtoto wa namba moja darasani. Wapi! S.2 (kidato cha pili) nilipata 19 kwa mia na mwalimu akaidondosha karatasi yangu chini makusudi, nikainama kuiokota wenzangu wakicheka. Aliyeniokoa ni shangazi. Alikua anabadilisha pesa hapa Busia, kiti cha plastiki, mkoba kiunoni, mkono huu shilingi ya Kenya mkono huu ya Uganda, na mimi jioni nikimaliza kuosha vyombo naenda kukaa nae. Tuseme leo ya Kenya moja ni 28 za kwetu Uganda, mteja anakuja na elfu tatu mia nne, inabidi umtajie jibu kabla hajahamia kwa jirani. Shangazi aliishia P.5 (darasa la tano) na kalkuleta hakuwahi kushika. Nikamuuliza anafanyaje, akasema we mtoto, piga mara thelathini halafu toa zile mbilimbili ulizozidisha. Basi usiku sikulala, manake hiyo ndio ile kitu mwalimu alikua anaandika ubaoni na mabano na herufi na hakuna mtu alishawahi kuniambia kwamba ni kitu kimoja.

S.6 pointi zangu hazikutosha serikali inisomeshe Chuo Kikuu cha Makerere, nikaenda chuo cha ualimu, NTC Kaliro, miaka miwili, diploma, hesabu na fizikia. Digrii nilikuja kuipata baadae Chuo Kikuu cha Kyambogo, nasoma likizo tu, wenzangu wakienda kijijini kupumzika mimi niko kwenye basi la Kampala na begi. Ilichukua muda na ilikula pesa, tuiache hapo.

Halafu shule zikafungwa Machi 2020 na tukarudi wote Januari 2022, karibu miaka miwili, ukiacha vipindi vifupi ambapo baadhi ya madarasa yaliitwa. Shule niliyokua nafundisha (ya mtu binafsi, jina siliweki) mshahara ulikata mwezi wa pili tu wa kufungwa na simu ya mkurugenzi ikawa haipatikani. Nikauza mandazi na nyanya. Eti ikafika 2022 serikali ikapandisha walimu wa sayansi wenye digrii mpaka milioni nne kwa mwezi, hesabu ikiwemo, walimu wa arts wakagoma, na mimi ambaye siko hata kwenye orodha ya serikali nikaanza kuombwa mikopo na majirani! Ukiwaambia mimi niko praivet wanaona unabana.

Lakini nilitaka kuwaambia kuhusu ile mbili ya tano.

Mwaka wangu wa kwanza kazini kuna kijana wa S.1 aliandika nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano, yaani kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Nusu ya darasa huwa wanafanya hivyo. Nikaweka kosa, nikapita. Akanifuata mlangoni, akasema "Madam, jaribio la kwanza nilipata moja kati ya mbili, la pili nikapata moja kati ya tatu. Jumla si mbili kati ya tano? Si wewe mwenyewe ndio unatujumlishiaga hivyo?"

Nilikosa jibu, na digrii hata sikua nayo bado ya kujifichia nyuma. Mtoto yuko sawa! Alama zinajumlishwa hivyohivyo. Nikamwambia kesho tutaongea, nikaenda nyumbani nikiwa na aibu ileile ya karatasi ya 19.

Kesho yake nikanunua chapati mbili kwa yule mama wa getini. Nikampa nusu ya moja, nikamuuliza nikikuongeza theluthi ya hii ingine utakua na zaidi ya nusu au pungufu? Zaidi. Sasa mbili ya tano ni zaidi ya nusu? Akanyamaza, akapiga hesabu kwa vidole, akasema madam hii imenidhulumu. Tukazikata vipande sita sita, vitatu na viwili, akaona tano ya sita kwa macho. Jaribio lina maswali mawili na lingine matatu, vitu viwili tofauti vimemwagwa kwenye kapu moja, ila chapati ni saizi moja. Hiyo tofauti hakuna kitabu kilichonifundisha, ni yeye.

Toka siku hiyo mtoto akikosa simwambii umekosa, namuuliza umeipataje. Inachelewesha silabasi, najua, na hedimasta amenisema mara nyingi. Siku moja darasa zima wakashikilia a jumlisha b, yote kipeo cha pili, ni a kipeo cha pili jumlisha b kipeo cha pili, nikawatoa nje na kamba, tukapima mraba wa hatua saba kila upande, tatu na nne. Saba mara saba ni 49, wao wana tisa na kumi na sita, 25. Zile 24 ziko wapi? Walizikuta wenyewe, mistatili miwili ya tatu kwa nne imelala pembeni. Hakuna aliyesahau, hata wale wa nyuma wanaokujaga shule kula posho (ugali) tu.

Mtaala mpya ulioanza na S.1 wa 2020 unataka hivihivi, na mtihani wa S.4 wa 2024 ndio wa kwanza kuja na herufi A mpaka E, maswali ni visa vya maisha. Nauunga mkono, ila njoo ujaribu kumuuliza kila mmoja umeipataje na watoto 90 darasani.

Yule kijana wa chapati sa hivi anabadilisha pesa mpakani, si mbali na pale shangazi alipokua anakaa. Mwezi uliopita nimempelekea elfu tatu ya Kenya kwa 28, akanihesabia elfu themanini na mbili. Nikamuuliza umeipataje. Akacheka sana, akaniongezea elfu mbili.