Daftari la mauzo lilivyonipunguzia kodi ya mawese

Nilianza kuuza mawese Kigoma mwaka 2019, nikiwa na leseni niliyoikatia halmashauri na TIN, yaani namba ya mlipakodi, niliyopewa na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, lakini kwa miaka mitatu sikuandika mauzo yangu popote. Baba yangu mkubwa, ambaye ujanani alijificha kwenye michikichi kila mgambo walipopita kudai kodi ya maendeleo, ile iliyofutwa mwaka 2003, alinilea katika imani kwamba mfanyabiashara mwenye maandishi anampa mtoza kodi fimbo ya kumchapia.

Nilipokwenda TRA kukadiriwa kodi ya mapato mwaka 2021, nilieleza kwamba mauzo yangu yalikuwa kati ya shilingi milioni 7 na milioni 11 kwa mwaka. Kwa mtu asiye na kumbukumbu za mauzo, kiwango cha kundi hilo kilikuwa shilingi 250,000, na ndicho nilichopangiwa. Nilipolalamika sokoni, mama mmoja muuza dagaa aliniambia, "Mwanangu, leta daftari, hiyo hesabu itabadilika." Alikuwa sahihi: mwenye kumbukumbu katika kundi hilohilo hulipa 90,000, pamoja na asilimia 3 ya mauzo yanayozidi milioni 7.

Januari 2022 nilinunua daftari. Kuandika kila dumu lililouzwa kulikuwa kazi nyepesi. Kilichonisumbua ni kujua nini hasa niandike. Kodi hii hutozwa kwenye mauzo ghafi, si kwenye faida, kwa hiyo dumu nililouza shilingi 50,000 liliingia kwa 50,000 zote, hata kama mfukoni nilibaki na 5,000. Naona utaratibu huu unamwelemea mwenye faida ndogo, ingawa unamwondolea mchuuzi mzigo wa kupeleka hesabu za mhasibu. Mwezi wa kwanza niliandika pia madumu ya shemeji yangu, niliyokuwa nikimuuzia kwa ujira mdogo, na mauzo yangu yakavimba bila sababu; kuanzia Februari nikayatengea kurasa zake, nikabandika na karatasi za makabidhiano ili yeyote anayekagua aone mali ni ya nani.

Daftari lilinifundisha pia kutenganisha fedha nilizokuwa nikiziita zote "kodi". Ushuru wa soko ni mapato ya halmashauri, na kuulipa hakuniondolei kodi ya mapato, inayokusanywa na TRA kwa ajili ya serikali kuu. Tena ipo ile ya asilimia 18, kodi ya ongezeko la thamani, iliyofichwa ndani ya bei ya sabuni na soda, ambayo hata mbeba mizigo asiye na TIN huilipa kila anaponunua. Nasisitiza hili kwa sababu wachuuzi wengi huamini kwamba asiyekadiriwa halipi chochote.

Mwisho wa mwaka 2022 daftari lilionyesha mauzo ya shilingi 8,200,000. Nililipeleka pamoja na stakabadhi za manunuzi. Afisa akalipitia kurasa kwa kurasa, akauliza kuhusu madumu ya shemeji, akaridhika. Makadirio ya mwaka 2023 yakawa shilingi 126,000, yaani 31,500 kila awamu: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Awamu ya kwanza niliilipa kwa simu nikiwa mezani pangu sokoni, na namba ya malipo nikaiandika katika daftari jipya, chini ya mauzo ya siku hiyo.