Miaka 14 na dozi moja

Tarehe 5 Januari 2022 mwanangu wa kati alisimama mbele ya mlango wa jumba moja la makumbusho jijini New York, ameshika simu yenye cheti chake cha chanjo ya korona. Cheti kilikuwa halali. Jina lilikuwa sawa, tarehe ya kuzaliwa ilikuwa sawa, na dozi iliyoandikwa aliipata kweli. Ila ilikuwa moja. Mlinzi alikisoma, akamrudishia simu kwa upole, akamwambia samahani. Ndani ya jumba lile kulikuwa na mifupa ya dinosari ambayo kijana huyu amekuwa akiichora kwenye madaftari tangu alipojua kushika penseli.

Siku mbili kabla yake nchi nzima ya Marekani ilikuwa imempokea bila kumuuliza lolote kuhusu chanjo.

Nimeikumbuka asubuhi ile kwa sababu mwezi huu wazazi wawili wameniuliza swali lile lile: "Tukienda likizo nje, mtoto anahitaji nini?" Kila mara najibu kwa swali: mtoto yupi, ana miaka mingapi, na atakuwa na miaka mingapi siku mtakayofika? Neno "mtoto" ndilo lililotuponza sisi. Kijana wa miaka 12 hadi 17 ni mtoto kwenye karatasi moja na mtu mzima kwenye karatasi ya pili, na karatasi zote mbili zinaweza kuwa mkononi mwako siku hiyo hiyo.

Tulisafiri watano: mimi, baba yao, kifungua mimba aliyekuwa na miaka 17, wa kati wa 14, na kitinda mimba wa miaka 11 ambaye angefikisha 12 tarehe 6 Januari, tukiwa huko huko. Kifungua mimba alikuwa na dozi mbili. Wa kati alichanjwa mara ya kwanza mwishoni mwa Novemba, na kwa ratiba ya pale tulipokuwa tukiishi, vijana wa umri wake walisubiri wiki 12 kabla ya dozi ya pili. Kitinda mimba hakuwa na hata moja, kwa kuwa chanjo ya umri wake ilikuwa bado haijafika kwetu.

Mimi ni mtu wa kusoma kanuni. Nilikaa usiku kadhaa nikisoma za Marekani, tena nikaziandika kwenye daftari. Kuanzia tarehe 8 Novemba 2021 mgeni mtu mzima anayeingia kwa ndege alitakiwa awe amekamilisha chanjo. Wenye umri chini ya miaka 18 walisamehewa. Kupimwa hakukusamehewa: kila abiria kuanzia umri wa miaka 2 alitakiwa awe na majibu yanayoonyesha hana virusi. Kwa hiyo wanangu wote watatu waliruhusiwa kuingia, bora wapimwe. Nikafunga daftari nikiwa na amani.

Kisha kikaja Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona. Shirika la Afya Duniani lilikipa kirusi hicho jina tarehe 26 Novemba, na siku kumi baadaye, tarehe 6 Desemba, Marekani ilibana muda wa kupimwa. Mwanzoni aliyechanjwa aliweza kupimwa ndani ya siku tatu kabla ya safari. Sasa ikawa siku moja kwa wote, wakubwa kwa wadogo. Sisi tuliweka miadi ya kupimwa tarehe 30 Desemba na tulipangiwa kuruka tarehe 2 Januari, saa nne usiku. Miadi ile ikawa haina kazi. Ilibidi tupimwe tarehe mosi Januari, siku ambayo maabara nyingi hufungwa.

Hapo nilifanya kosa ambalo nimewasikia wengi wakilifanya. Nilisoma "siku moja" nikaelewa "saa 24". Nikawa natafuta maabara itakayotupima baada ya saa nne usiku ya sikukuu, nikapiga simu mpaka sauti ikanikauka. Baba yao ndiye aliyeisoma kanuni tena polepole akaniambia, "Mama watoto, wanasema siku ya kalenda." Kweli. Anayeruka tarehe 2, wakati wowote, angeweza kupimwa tarehe 1, wakati wowote. Maabara tuliyoipata ilifungua asubuhi tu, na asubuhi ilitosha kabisa. Nchi nyingine wakati huo zilihesabu saa, 48 au 72, na nyingine zilihesabu tangu kuchukuliwa kwa sampuli, nyingine tangu kutoka kwa majibu. Ukiona muda wowote kwenye kanuni ya kupimwa, jiulize mambo mawili: unahesabiwa kuanzia wapi, na unaishia wapi, kuondoka au kufika. Mara nyingi tofauti hiyo ndiyo humtenganisha anayepanda ndege na anayerudi nyumbani na mabegi.

Majibu yote yalikuja safi. Lakini kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, dada aliyetuhudumia aliinua macho akaniuliza, "Huyu amezaliwa 2017?" Kwenye cheti cha wa kati maabara ilikuwa imeandika 2017 badala ya 2007. Tarakimu moja. Cheti cha kipimo kilitakiwa kiwe na jina pamoja na kitambulisho kingine, kama tarehe ya kuzaliwa au namba ya pasipoti, na chetu kilikuwa na tarehe ya mtoto wa miaka minne. Tulisimama pembeni dakika arobaini mpaka maabara ilipotuma cheti kipya kwenye simu. Kijana alikaa juu ya begi lake, hakusema neno. Tangu siku ile, karatasi ya mwanangu yeyote sitoki nayo mlangoni kwa mtoaji kabla sijailinganisha na pasipoti herufi kwa herufi, na mtoto mwenyewe anailinganisha pia. Macho yao ni makali kuliko yangu.

Tulifika. Ofisa wa uhamiaji alitazama pasipoti, akatukaribisha. Nilimshukuru Mungu nikidhani kazi imekwisha.

Nilikuwa sijasoma kanuni za jiji. New York ilikuwa na sheria yake, tofauti kabisa na ya nchi: ili uingie ndani ya mgahawa, ukumbi wa mazoezi, sinema au jumba la makumbusho, uonyeshe uthibitisho wa chanjo. Ilianza Agosti 2021 kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Tarehe 14 Desemba waliongezwa watoto wa miaka 5 hadi 11, nao wakatakiwa dozi moja. Tarehe 27 Desemba, wiki moja tu kabla hatujafika, wenye miaka 12 na zaidi wakatakiwa dozi mbili. Na kipimo hakikukubaliwa badala ya chanjo.

Hebu waweke wanangu kwenye mistari hiyo. Kifungua mimba, ambaye kwa nchi alikuwa mtoto aliyesamehewa, kwa jiji alikuwa mtu kamili mwenye dozi zake mbili, akapita. Wa kati alikuwa na dozi moja; angekuwa na miaka 11 ingemtosha, lakini ana 14, akazuiwa. Kitinda mimba alitakiwa moja akiwa na 11, na kesho yake, siku ya kuzaliwa kwake, angetakiwa mbili. Hakuna alichokifanya usiku ule isipokuwa kulala.

Wa kati aliniuliza pale pale nje, kwa sauti ya chini asisikike na watu waliokuwa nyuma yetu: "Mama, kwani mimi nimekosea nini?"

Hakuwa amekosea kitu. Alichanjwa siku aliyoitwa. Dozi ya pili hakuikataa, ilikuwa haijafika zamu yake, na ratiba hiyo iliwekwa na wataalamu waliokuwa na sababu zao za kutenganisha dozi kwa umri wake. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Kijana alitii ratiba ya watu wazima wa upande mmoja, akaadhibiwa na ratiba ya watu wazima wa upande wa pili, na pande zote mbili zilikuwa zikijaribu kuokoa maisha. Wala hatukuwa peke yetu. Tangu tarehe 1 Desemba 2021 Uhispania iliwataka wageni kutoka Uingereza wenye miaka 12 na zaidi wawe wamekamilisha chanjo, wakati vijana wa Uingereza wa miaka 12 hadi 15 walikuwa wamepewa dozi moja tu na ya pili ilianza kutolewa Desemba hiyo hiyo, wiki 12 baada ya ya kwanza. Familia nyingi ziliahirisha likizo. Mwishoni Uhispania ililegeza: kuanzia tarehe 14 Februari 2022 kijana wa miaka 12 hadi 17 aliweza kuingia kwa kipimo cha PCR, kile cha maabara, kilichofanywa ndani ya saa 72. Ufaransa nayo ilipoanzisha pasi ya chanjo, ya kuingilia sehemu kama migahawa na sinema, Januari 2022 iliwabana wenye miaka 16 na kuendelea, na wa 12 hadi 15 ikawaacha waendelee kutumia kipimo. Kumi na mbili, kumi na sita, kumi na nane. Kila nchi ilichora mstari wake katikati ya ujana.

Kosa lililokuwepo lilikuwa langu. Nilisoma mlango wa nchi nikasahau milango iliyo ndani. Jioni ile nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo, na nilimwomba radhi. Nadhani kijana wa miaka 14 anastahili kuombwa radhi na mzazi wake kama mtu mwingine yeyote. Kilichomuumiza zaidi ya kukosa dinosari ni kwamba alifikishwa mpaka mlangoni akiwa na furaha, mbele ya watu, bila kujua. Ningemwambia wiki mbili kabla, angekasirika chumbani kwake, kisha tungepanga pamoja tufanye nini badala yake.

Baba yao alitaka sote tugeuke. Wa kati ndiye aliyekataa. Alimwambia dada yake aingie na baba, ampigie picha kila mfupa. Mimi nikabaki na wawili. Tulipanda kivuko cha Staten Island, ambacho abiria hatozwi nauli, tukaitazama Sanamu ya Uhuru kutoka kwenye sitaha huku upepo ukitukata masikio. Kesho yake tulivuka Daraja la Brooklyn kwa miguu. Nje hakuna aliyeuliza vyeti.

Kesho hiyo ndiyo ilikuwa tarehe 6. Mtoto asiyekamilisha chanjo alitakiwa apimwe tena kati ya siku ya tatu na ya tano baada ya kufika, kwa hiyo kitinda mimba alifikisha miaka 12 na kijiti puani. Aliomba ashike mkono wa kaka yake, si wangu. Kaka alikuwa naye kwenye foleni ya kupimwa, akampa.

Sheria ile ya jiji iliondolewa tarehe 7 Machi 2022. Wa kati alipata dozi yake ya pili Februari, wiki tatu kabla. Marekani iliacha kudai kipimo tarehe 12 Juni mwaka ule, na sharti la chanjo kwa wageni likafuata Mei 2023, siku chache baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza kwamba dharura imekwisha. Kwa hiyo wazazi walioniuliza hawatakutana na mlango ule tena. Watakutana na mingine iliyokuwepo muda mrefu kabla ya korona.

Sisi wenyewe tunajiandaa kwenda Ghana likizo ijayo, na Ghana inamtaka kila anayeingia, kuanzia mtoto wa miezi 9, awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hapa mstari wa umri uko chini sana hata hakuna kijana wa kubishania. Kinachohesabika ni siku. Cheti huanza kutambulika siku ya kumi baada ya kuchomwa sindano, basi anayechanjwa wiki moja kabla ya safari anasafiri na karatasi ambayo bado haijaanza kazi. Na nchi mnayopitia njiani huhesabika pia: ziko nchi zinazodai cheti hicho kwa sababu tu mmekaa saa kadhaa uwanjani mwa nchi yenye ugonjwa. Chanjo yenyewe hutumia virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mwenye kinga dhaifu mwilini, au mwenye mzio mkali wa yai, azungumze na daktari mapema kabisa. Habari njema ni kwamba tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti kinadumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi. Anayechanjwa akiwa kijana hatarudia kwa ajili ya mpaka wowote.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka kitinda mimba kuchanjwa. Sasa ana miaka 16. Muuguzi alijaza kadi ya njano: jina, pasipoti, namba ya toleo la chanjo, sahihi yake mwenyewe, muhuri wa kituo. Nikanyoosha mkono nichukue kalamu, kama nilivyowasainia fomu zote za New York. Muuguzi akaniambia hapana, mzazi husaini pale tu mtoto anapokuwa hajui kuandika. Akamgeuzia binti yangu kadi, akamwonya kwamba palipofutwa au kurekebishwa panaweza kuibatilisha kadi nzima.

Binti aliomba kipande cha karatasi. Akafanyia mazoezi sahihi yake mara tatu, akachagua ya pili, kisha akasaini kadi taratibu, akaipuliza wino ukauke.