Sikupapasa kivimbe chochote, na bado ilikuwa saratani

Hakuna ushauri unaonikera kama ule wa "ukijipapasa usipate kivimbe, uko salama". Mimi nilijipapasa, sikukuta kitu. Titi la kushoto lilikuwa limevimba lote, zito, la moto, na ngozi yake imejaa vishimo kama ganda la chungwa. Rangi ilikuwa imebadilika, na kwa mwenye ngozi nyeusi usitegemee wekundu: yangu ilielekea zambarau.

Nikaambiwa ni maambukizi, yale ya wanaonyonyesha. Nilikuwa sinyonyeshi! Antibiotiki zikaisha bila nafuu, nikaandikiwa nyingine.

Hapo ndipo nilipochukua kalamu ya wino usiotoka upesi, nikachora mstari kuzunguka ukingo wa ile rangi. Kila asubuhi nilisimama dirisha lilelile nikajipiga picha kwa simu, tarehe ikionekana. Rangi ikauvuka mstari. Nikachora mwingine nje yake, nao ukavukwa. Nilijivunia sana picha zile, maana zilisema bila mimi kubembeleza mtu. Daktari mwingine alizitazama moja baada ya nyingine, akauliza, "Dawa ulimaliza zote?" Nikamjibu nilimaliza. Hakuandika antibiotiki tena.

Mamogramu, yaani eksirei ya titi, ilionyesha ngozi iliyonenepa tu. Usikubali mambo yaishie hapo. Dai kinyama kichukuliwe, cha titi na cha ngozi yenyewe. Changu kilitoa jibu: saratani ya titi ya kuvimba, ambayo seli zake huziba mishipa ya limfu ya ngozini, ile inayopitisha majimaji ya mwili. Ni asilimia 1 hadi 5 tu ya saratani za matiti, na hukimbia: ikigunduliwa huwa tayari iko hatua ya 3 au ya 4.

Ndugu zangu walishikilia nikatwe upesi. Nashukuru sikuwasikiliza. Kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, hutangulia ili uvimbe wa titi ushuke, ndipo hukatwa lote pamoja na tezi za kwapani, kisha mionzi. Kipimo cha HER2, protini inayochochea saratani kukua, kilikuwa chanya, nikaongezewa trastuzumab, dawa inayoilenga protini hiyo, na hiyo ndiyo iliyomeza fedha kuliko vyote. Ulizia kipimo hicho mapema, kwa sababu ndicho kinachoamua kama utapewa dawa hiyo.

Kemo ilininyong'onyeza vibaya. Lakini vishimo vilianza kufutika nikiviona kwa macho yangu, na titi lilipopelekwa maabara baada ya upasuaji, hawakukuta seli hai ya saratani. Nililia palepale mbele ya daktari.