"Refa, nimecheza mpira!"

Jumapili, usiku

Mechi za vijana zina kelele zake, na ukizisikiliza vizuri utaona ni zilezile kila wiki. "Nimecheza mpira!" "Mpira ndio umefuata mkono!" "Nilisharudi, sikuotea!" "Yeye ndiye mtu wa mwisho, mpe nyekundu!" Watoto hawasemi uongo. Wanasema walichokiona, na walichokiona ni mpira. Sheria nayo, mara nyingi, inatazama kwingine: mguu ulifikaje, mkono ulikuwa wapi, nani alisimama wapi pasi ilipopigwa.

Hili la kucheza mpira ndilo gumu kuling'oa, kwa sababu hata wazazi pembeni wanalipigia kelele. Sheria ya 12 ya soka, inayohusu faulo, haisemi popote kwamba aliyegusa mpira kwanza amesamehewa. Inauliza mchezaji amemwendea mwenzake kwa namna gani. Kama ni kwa uzembe, ni faulo tupu bila kadi. Kama hakujali hatari anayomletea mwenzake, njano. Kama ametumia nguvu kupita kiasi au amehatarisha usalama wa mpinzani, nyekundu. Angalia beki anayeteleza kutoka pembeni: ncha ya kiatu cha kulia inausukuma mpira nje, safi kabisa, lakini mguu wa kushoto unaokuja nyuma umekunjwa na goti linamfagia winga vifundoni. Mtoto anakumbuka ncha ya kiatu. Mwamuzi ameona goti. Kocha anayetaka kumsaidia kijana wake amfundishe huo mguu wa pili, abaki chini na aukunje upande wake, na asiruke miguu yote miwili ikiwa hewani njumu zikitazama mbele. Hapo hata akiugusa mpira mara tatu kadi itatoka tu.

Upande wa pili pia uelezwe: kugongana si faulo. Bega kwa bega, wote wawili wakiugombea mpira ulio karibu, mwenye mwili mdogo ataanguka na mchezo utaendelea.

Kunawa mpira. Hapa naona watu wazima ndio wamewavuruga watoto, maana kila mmoja ana sheria yake. Ule msemo wa mpira kuufuata mkono una ukweli nusu. Ukiunawa kwa makusudi ni kosa, hilo halina ubishi. Lakini kuna kosa hata bila makusudi, pale mkono unapoupanua mwili isivyo kawaida, yaani umekaa mahali ambapo mwendo wako wa wakati ule haukuuhitaji uwe. Kijana anayekimbia mikono lazima ipunge. Anayeruka lazima ainyanyue kidogo. Ila yule anayesimama mbele ya shuti, ameitanua mikono kama anazuia mbuzi zizini, hata kama alifumba macho na mpira ukamkuta, ameingia kwenye kosa. Mkono wenyewe unaanzia usawa wa chini ya kwapa. Mpira ukigonga juu ya hapo, begani, cheza.

Kisha kuna mabao. Mfungaji akifunga moja kwa moja kwa mkono wake, au mpira ukamgusa mkono halafu akafunga papo hapo, bao halipo hata kama ni bahati mbaya tupu. Ila mpira ukimgusa mkono mwenzake kwa bahati mbaya, kisha mwingine akafunga, bao ni halali tangu marekebisho ya 2021. Timu iliyofungwa itakuja mbio kulalamika, na itakuwa imekosea.

Kuotea kunahitaji kichwa kitulie. Kusimama mahali pa kuotea, yaani karibu zaidi na goli la wapinzani kuliko mpira na mpinzani wa pili kutoka mwisho, si kosa. Kosa ni kushiriki mchezo ukiwa umetokea hapo: kuugusa mpira, kumziba kipa asione, kumbana beki asiucheze. Na msimamo wako unapimwa pale mguu wa mwenzako unapougusa mpira kuupiga, si pale unapoupokea. Ndiyo maana "nilisharudi" haisaidii. Mshambuliaji amesimama mita mbili nyuma ya mabeki, pasi inapigwa, anarudi mbio hadi nusu yake mwenyewe na kuupokea huko. Ameotea, na mpira wa adhabu unapigwa pale alipougusa, ndani ya nusu yake. Wengi wanashangaa kuona hivyo, wanadhani mshika kibendera kachanganyikiwa.

Hesabu yenyewe ni ya wapinzani wawili wa mwisho. Kwa kawaida mmoja ni kipa, hivyo watoto wamezoea kutafuta beki mmoja tu. Siku kipa amepanda kona na mpira ukapokonywa, hesabu hiyo inawatupa: wanapaswa kuhesabu mabeki wawili. Ukiwa sawasawa na yule wa pili kutoka mwisho, uko salama. Mikono haihesabiwi, ya kipa pia. Na hakuna kuotea ukiupokea moja kwa moja kutoka mpira wa kurusha, kona au goli kiki, jambo ambalo timu chache za vijana hulitumia ipasavyo.

Mpira ukimgusa beki njiani, watoto huona kila kitu kimefutwa. Hapana. Kuotea kunafutwa pale beki anapoucheza kwa kudhamiria: ameuona ukija, ana muda wa kujipanga, mwili uko chini ya uwezo wake, hata kama ameupiga vibaya. Shuti lililomgonga kisigino halifuti kitu, wala mpira aliouokoa usiingie golini.

"Mtu wa mwisho" nao ni msemo wa majukwaani, sheriani haumo. Ili kuamua kama mshambuliaji amenyimwa nafasi ya wazi ya kufunga, mwamuzi anapima mambo manne: umbali hadi golini, mchezo ulikuwa unaelekea wapi, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na mabeki walikuwa wangapi na wako wapi. Beki anaweza kuwa wa mwisho kabisa karibu na kibendera cha kona, akamwangusha mtu, asistahili nyekundu. Na tangu 2016, faulo ikitokea ndani ya boksi, ikazaa penalti, na beki alikuwa anajaribu kweli kuucheza mpira, kadi inashuka kuwa njano. Kuvuta jezi au kusukuma hakuna nafuu hiyo.

Pasi ya kumrudishia kipa, iliyokatazwa kudakwa tangu 1992, inawachanganya kwa neno kurudisha. Hata ikienda mbele, kama mwenzake ameipiga kwa mguu kwa makusudi kumpa kipa, asiishike. Ya goti, kifua au kichwa inaruhusiwa, ila ukiunyanyua mpira kwa mguu ujipigie kichwa kwa ujanja, njano ni yako. Adhabu ya pasi hiyo si ya moja kwa moja, yaani bao halikubaliwi mpaka mpira umguse mchezaji mwingine, na mwamuzi hubaki ameinua mkono juu. Vijana hawautazami mkono huo. Wanapiga shuti, linatinga wavuni bila kumgusa mtu, wanashangilia, kisha wanaona goli kiki inapigwa.

Kurusha: miguu yote miwili iwe na sehemu yake ardhini, juu ya mstari au nje yake, mikono miwili, mpira utoke nyuma ya kichwa upite juu yake. Kukanyaga mstari hakuna tatizo. Kisigino cha nyuma kikinyanyuka vidole vikabaki chini, bado ni halali. Mguu mzima ukipaa, wanapewa wapinzani.

La mwisho la usiku huu ni kipa. Tangu msimu wa 2025/26, kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Bado nasikia vijana wakihesabu kwa sauti hadi sita, hesabu ya zamani, tena wanaanza mpira ukiwa bado unamdunda kifuani. Hesabu inaanza mwamuzi anapoona kipa ameumiliki sawasawa, na sekunde tano za mwisho anazionyesha kwa mkono ulioinuliwa. Mshambuliaji anayeruka-ruka mbele ya kipa ili muda umwishie hapati kona. Anawapa wapinzani mpira wa adhabu.